Picha za ajabu: Jinsi fikra, mpango na kompyuta huzaa kisichowezekana

PICHA moja iliyotolewa mwaka 2008 inamwonyesha mwanamume aliyeshika ncha ya barabara, akiiburura katikati ya mashamba mithili ya fundi cherehani avutaye jora la kitambaa.

Kila mwenye akili timamu anajua kwamba barabara haivutwi. Hata hivyo, anayeitazama picha hiyo hapati mahali pa kutia kidole na kusema, “Hapa pana kosa.” Mwanga ni mmoja, vivuli vimeelekea upande mmoja na mikunjo ya barabara inaonekana kuwa na uzito wake.

Aliyeitunga ni Erik Johansson, mpigapicha aliyezaliwa nchini Uswidi mwaka 1985 na kusomea uhandisi wa kompyuta kabla ya kuigeukia sanaa. Katika kazi nyingine ya 2017, wafanyakazi wanashusha miezi kutoka kwenye gari, kana kwamba mwezi wa angani ni taa inayobadilishwa ikiisha nguvu.

Picha za aina hii huitwa picha za ajabu, au picha za kisurealisti kwa lugha ya wasanii. Ni sanaa ya kuchukua vitu halisi vinavyojulikana na kila mtu, kisha kuviunganisha kwa namna ambayo ulimwengu wenyewe hauwezi kuviunganisha.

Wengi hudhani kwamba uhodari wote umo ndani ya kompyuta. La hasha! Kompyuta ni jiko tu. Chakula hutoka kwingine. Kazi hii husimama juu ya mafiga matatu: fikra, mpango na uhariri. Likikosekana figa moja, chungu hupinduka.

Chimbuko la sanaa hii

Jina lenyewe lilipata nguvu mwaka 1924, pale mwandishi André Breton alipochapisha jijini Paris, Ufaransa, ilani ya kundi la wasanii waliotaka kuipa ndoto hadhi sawa na mambo ya kuamka. Baadhi yao, kama vile Man Ray na Dora Maar, walitumia kamera.

Lakini ufundi wa kuunganisha picha ni mkongwe kuliko jina hilo. Mwaka 1857, Oscar Rejlander, mzaliwa wa Uswidi aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha picha kubwa iliyotungwa kwa negativi 30 hivi. Ilimwonyesha mzee akiwaelekeza vijana wawili kwenye njia mbili, ya wema na ya anasa. Kila kikundi cha watu kilipigwa picha peke yake, kisha vyote vikachapishwa pamoja kimoja baada ya kingine.

Mwaka uliofuata, Mwingereza Henry Peach Robinson aliunganisha negativi tano na kupata picha ya msichana anayekata roho huku jamaa zake wakimtazama. Umma ulikasirika. Watu walikuwa wamezoea kuona michoro ya kifo, lakini waliamini kwamba kamera haina ruhusa ya kubuni huzuni. Ubishi uliozuka siku hizo kuhusu mipaka ya kamera haujaisha hadi leo.

Paka, maji na subira

Kuna picha za ajabu ambazo karibu zote zilitendeka mbele ya kamera. Iliyo maarufu kupita zote ilipigwa na Philippe Halsman jijini New York mwaka 1948, akishirikiana na mchoraji Salvador Dalí.

Katika picha hiyo Dalí yuko hewani, paka watatu wanaruka, maji yamechora upinde na kiti kimeinuka kutoka sakafuni. Baadhi ya vitu vilining'inizwa kwa nyuzi nyembamba. Mke wa Halsman alikishika kiti, wasaidizi wakawarusha paka na kumwaga maji, na Dalí akaruka kwa wakati uliopangwa.

Jambo hilo lilirudiwa mara 28. Kila baada ya jaribio moja, Halsman aliingia chumba cha giza kuisafisha filamu na kuikagua, huku wasaidizi wakipangusa sakafu na kuwatafuta paka waliokimbilia vichochoroni mwa nyumba. Saa kadhaa zilipita kabla ya vitu vyote kukaa mahali palipotakiwa. Hatimaye nyuzi zilifutwa, na Dalí akachora kazi ndogo ndani ya fremu iliyoonekana tupu pichani.

Aliyeifikisha sanaa hii kileleni kabla ya ujio wa kompyuta ni Jerry Uelsmann, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2022. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Florida tangu mwaka 1960.

Katika chumba chake cha giza alikuwa na mashine kadhaa za kukuzia picha, kila moja ikiwa na negativi yake. Aliihamisha karatasi moja kutoka mashine hadi mashine, akiziba kwa mkono sehemu ambazo hazikutakiwa kupata mwanga. Kwa njia hiyo aliotesha miti iliyoelea juu ya maji na kujenga vyumba ambavyo dari yake ni mawingu.

Wakati wake, wapigapicha wengi wakubwa wa Marekani walishikilia kwamba picha ni lazima ionekane akilini kabla ya kubonyeza kamera. Uelsmann alipinga. Kwake, ubunifu uliendelea hata baada ya kamera kurudishwa mkobani, na chumba cha giza kilikuwa mahali pa kugundua, wala si pa kuchapisha tu.

Kompyuta yaingia

Mwaka 1987, mwanafunzi wa Marekani aitwaye Thomas Knoll alianza kuandika programu ya kuonyesha picha kwenye skrini ya kompyuta. Nduguye, John, aliyekuwa katika kampuni ya kutengeneza vioja vya filamu za sinema, alimhimiza kuiendeleza. Programu hiyo ikaingia sokoni mwaka 1990 kwa jina Photoshop.

Mapinduzi makubwa kwa watunzi wa picha za ajabu yalikuja mwaka 1994, programu hiyo ilipoongezewa tabaka. Kabla ya hapo, kipande kilichobandikwa kiligandamana na picha ya chini. Tangu hapo kila kipande kilikaa kwenye tabaka lake, mithili ya karatasi za kioo zilizopangwa moja juu ya nyingine. Msanii aliweza kusogeza, kupunguza au kuondoa kipande kimoja bila kuvigusa vingine.

Kilichokuwa kikimgharimu Uelsmann siku nzima kikawezekana kwa saa chache. Hata hivyo, wepesi huo ulileta mtego. Wengi walianza kubandika kabla ya kufikiri, na dunia ikajaa picha ambazo hazina kosa la ufundi wala neno la kusema.

Hatua ya kwanza: Fikra

Picha ya ajabu iliyo imara huweza kusimuliwa kwa sentensi moja. Mwanamume anavuta barabara. Wafanyakazi wanabadilisha mwezi. Ikiwa mtunzi anahitaji aya nzima kueleza anachotaka kuonyesha, mtazamaji naye atapotea.

Njia ya kulipata wazo ni kulishika jambo la kila siku na kulibadilisha tabia moja tu. Kizito kifanywe chepesi, kikubwa kifanywe kidogo, cha majini kihamishwe nchi kavu. Tabia zote nyingine zibaki kama zilivyo, kwa maana ajabu huonekana tu penye ukawaida.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, hazina hii haihitaji kuagizwa ng'ambo. Aliyekulia kwenye hadithi zinazoanza kwa “Paukwa! Pakawa!” amekwisha kukutana na mazimwi, sungura wenye hila na vibuyu vinavyosema. Misemo nayo ni picha tayari. Mtu anayefukuza upepo, anayetwanga maji kwenye kinu au anayeficha moto huku moshi ukimsaliti ni wazo linalongoja kamera.

Hatua ya pili: Mpango

Chukua mfano wa wazo hili: mvuvi anaendesha ngalawa juu ya shamba la mahindi. Linasemeka kwa pumzi moja, lakini ili liaminike yapo maswali ambayo ni sharti yajibiwe kwenye karatasi kabla ya kamera kutolewa.

Kwanza ni mchoro. Hauhitaji kuwa mzuri. Unahitaji kuonyesha ngalawa itakaa wapi, mvuvi ataelekea wapi na jua litatoka upande gani.

Pili ni mahali pa kamera. Ikiwa shamba litapigwa picha kutoka juu ya tangi la maji, ngalawa nayo sharti ipigwe kutoka kimo kama hicho, huku kamera imeinamishwa kwa kiasi kile kile. Ngalawa iliyopigwa na mtu aliyechutama ufukweni haitakaa kamwe juu ya shamba lililotazamwa kutoka juu. Mstari wa upeo wa macho ndio unaofichua kosa hili. Aidha, afadhali lenzi ile ile na umbali unaokaribiana vitumike, kwa kuwa lenzi pana hurefusha vilivyo karibu na kuvisukuma mbali vilivyo nyuma.

Tatu ni mwanga, na hapa ndipo wengi huangukia. Jua la nchi zilizo karibu na ikweta hupanda upesi. Alfajiri hupambazuka na baada ya muda mfupi rangi ya dhahabu imekwisha. Karibu na saa tatu unusu asubuhi, kivuli cha mtu hukaribia kulingana na kimo chake. Ikifika adhuhuri, kivuli kimejikunyata miguuni.

Kwa hivyo, shamba likipigwa saa kumi na moja jioni na ngalawa ipigwe saa sita mchana, hakuna programu itakayozipatanisha picha hizo. Mpigapicha mwangalifu huandika saa, upande wa jua na hali ya mawingu kwa kila picha. Siku ya mawingu mazito ina nafuu kwa anayejifunza, kwa sababu mwanga hutawanyika na vivuli hufifia.

Nne ni dalili za mguso. Ngalawa ikipita majini huacha mkondo nyuma yake. Ikipita shambani itaacha nini? Mtunzi mwenye bidii atayapinda mabua machache kwa mkono na kuyapiga picha yakiwa yamelala pande mbili, ili mahindi yaonekane kupasuliwa kama mawimbi. Jambo hilo dogo ndilo linalomfanya mtazamaji aisadiki safari nzima.

Johansson ameeleza hadharani kwamba kanuni zake ni chache: picha zinazounganishwa ziwe na mtazamo mmoja, ziwe na mwanga wa aina moja, na ziunganishwe hadi isijulikane moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Hupendelea kupiga mwenyewe picha za vitu anavyovitumia. Kwa picha yake ya mwaka 2016 ya ziwa linalovunjika kama kioo, alitumia vioo halisi, kwa kuwa kioo huvunjika na kuakisi kwa namna ambayo ni vigumu kuibuni.

Hatua ya tatu: Uhariri

Kazi ikifika kwenye kompyuta, mpangilio mzuri ni kuanza na picha ya mandhari, ambayo ndiyo msingi. Vipande vingine hukatwa na kuwekwa kila kimoja kwenye tabaka lake.

Kukata kwenyewe kuna adabu yake. Fundi mzoefu hafuti sehemu asiyoitaka, bali huifunika kwa kifuniko kinachoweza kufunuliwa baadaye. Akigundua kwamba amekata kidole cha mvuvi, hukirudisha bila kuanza upya.

Kingo za vitu hutofautiana. Ukingo wa ubao wa ngalawa ni mkali. Wa nywele na wa jani la mahindi ni laini. Ukiukata ukingo wa nywele kwa ukali wa ubao, mtu ataonekana kama aliyekatwa kwa makasi kutoka gazetini.

Kinachofuata ni rangi. Ngalawa iliyopigwa pwani huja na ubuluu wa bahari kwenye tumbo lake. Shambani inapaswa kupata ukijani unaoakisiwa na majani. Vilevile, weusi wa kivuli kizito kabisa ulingane katika vipande vyote, na vitu vilivyo mbali vififie kidogo kwa sababu ya vumbi na unyevu wa hewa.

Kisha kuna kivuli. Wajaluo husimulia habari za shujaa Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe lakini uhai wake ulikuwa kivulini, na adui alipokichoma kivuli, jabari akaanguka. Picha ya ajabu nayo hufia kivulini. Kivuli huwa kizito na chenye ukingo mkali pale kitu kinapogusa ardhi, kisha huwa laini kadiri kinavyokwenda mbali. Tena hakilali sawa kama mkeka. Hupanda na kushuka juu ya mabua kulingana na umbo lake.

Mwisho, punje za picha zisawazishwe. Picha iliyopigwa kwenye giza huwa na chengachenga nyingi kuliko iliyopigwa juani, na jicho huitambua tofauti hiyo hata kama mtazamaji hawezi kuieleza.

Anayeanza hahitaji mtaji mkubwa. Programu ya GIMP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996, haina malipo na ina tabaka pamoja na vifuniko. Simu nyingi za rununu za leo zina kamera inayotosha. Stendi ya miguu mitatu, hata ikiwa ya kuunganishwa na seremala wa mtaani, itafaa kuliko lenzi ya bei ghali, kwa vile huiwezesha kamera kutulia mahali pamoja huku vitu vikihamishwa mbele yake.

Wakenya katika uwanja huu

Nchini Kenya, jina linalotajwa sana ni la Osborne Macharia, ambaye hutunga masimulizi kamili kabla ya kupiga picha. Katika mfululizo wake mmoja, nyanya waliokuwa vigogo wa serikali na biashara miaka ya 1970 wamestaafu na sasa wanatalii wakiwa wamevalia mavazi ya fahari. Nyanya hao ni wa kubuni, lakini nyuso na heshima yao ni vya kweli. Mwaka 2018, kazi yake ilihusishwa na filamu ya Black Panther.

Jim Chuchu naye, katika mfululizo wake wa 2014, alitunga picha za miungu wa Afrika ambao kumbukumbu zao zimepotea. Wasanii hawa wawili wamedhihirisha kwamba kamera inaweza kujaza pengo ambalo hifadhi za picha za wakoloni zililiacha: kumwonyesha Mwafrika katika yaliyopita na yajayo kama anavyojiwazia mwenyewe.

Mpaka kati ya sanaa na uongo

Ufundi huu ni kisu: hukata nyama na hukata kidole. Mwaka 1917, wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley, Uingereza, walijipiga picha wakiwa na viumbe wadogo wenye mabawa. Mwandishi mashuhuri Arthur Conan Doyle aliziamini na kuzitetea magazetini. Ni mwaka 1983 tu ambapo wahusika, wakiwa vikongwe, walikiri kwamba viumbe hao walikuwa vikaratasi vilivyosimamishwa kwa pini za kofia.

Hilo lilikuwa utani uliozidi kipimo. Katika Muungano wa Kisovieti wa Stalin mambo yalikuwa mazito. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alipouawa mwaka 1940, alifutwa katika picha iliyomwonyesha akitembea na kiongozi huyo kando ya mfereji, na maji yakachorwa mahali aliposimama.

Hata magazeti ya kuheshimika hayakuepuka lawama. Mwaka 1982, jarida la National Geographic liliyasogeza karibu mapiramidi ya Misri ili yatoshee kwenye jalada, na likakosolewa vikali. Kosa halikuwa kusogeza mapiramidi, kwani msanii angeweza kuyaning'iniza hata mawinguni. Kosa lilikuwa kumwachia msomaji aamini kwamba ndivyo yalivyo.

Huo ndio mpaka wenyewe. Picha ya Johansson haimdanganyi mtu, kwa sababu inajitangaza yenyewe kuwa haiwezekani. Picha inayotia hofu ni ile iliyohaririwa kidogo tu: umati ulioongezwa kwenye mkutano wa siasa, au bango lililobadilishwa maandishi mikononi mwa mwandamanaji.

Kuna pia haki ya anayepigwa picha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni habari yake ya kibinafsi. Mwaka 2023, Afisi ya Kamishna wa Data ilizitoza faini ya mamilioni ya shilingi shule moja na kilabu kimoja cha burudani kwa kutumia picha za watu bila idhini. Anayempandisha jirani yake juu ya ngalawa ya mahindi, basi, aanze kwa kumwomba ruhusa.

Wakati wa akili unde

Katika miaka ya karibuni zimekuja programu zinazotunga picha kwa kuandikiwa maneno tu, bila kamera. Mwaka 2023, Mjerumani Boris Eldagsen alishinda tuzo katika shindano la kimataifa la upigaji picha, kisha akaikataa na kufichua kwamba picha yake ilitungwa kwa akili unde. Alitaka kujua kama mashindano yako tayari kukabiliana na suala hilo.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Miles Astray aliwasilisha picha halisi ya korongo aina ya flamingo aliyeinamisha kichwa hadi kikawa hakionekani, akaiingiza katika kitengo cha picha za akili unde. Ikapata ushindi kabla hajafichua ukweli na kuondolewa. Kisa kimoja kilionyesha kwamba mashine inaweza kuiga kamera. Cha pili kikaonyesha kwamba dunia yenyewe bado ina maajabu yanayopita ya mashine.

Kwa anayetaka kuijaribu sanaa hii, mambo mawili yatamlinda. La kwanza ni kuhifadhi picha zote za awali pamoja na mchoro wa mwanzo, kwa kuwa hizo ndizo ushahidi kwamba kazi ni yake na kwamba kila kipande kilitoka mahali halisi. La pili ni kuandika wazi chini ya picha kwamba imetungwa. Maneno hayo hayaiharibu ajabu. Barabara inayovutwa kama kitambaa imetazamwa na mamilioni ya watu wanaojua fika kwamba si kweli, na bado wanairudia kuitazama.